Wanaorusha Mawe Gizani

Nianze na mazuri, nisije nikaambiwa nina roho mbaya. Okoa Chini inapakuliwa upesi, haisumbui hata kwenye simu ya zamani, na giza lake ni giza la kweli, si ule weusi wa kupaka rangi tuliouzoea kwenye gemu za kulipua. Unaendesha Fuko, mashine ya chuma yenye ukubwa wa mbuzi, inayotambaa kwa minyororo kama katapila. Ina taa moja usoni, mkono mmoja wa kubebea majeruhi, na bunduki ya kupasulia mwamba. Unashuka kwenye mgodi ulioporomoka, unatafuta walionaswa, unawatoa. Sauti zake, haki ya Mungu, zinasisimua: matone ya maji, mbao zikilalamika, pumzi ya mtu usiyemwona.

"Hayo ndiyo mazuri, wapendwa," nikasema kwenye kipaza sauti. "Sasa kaeni vizuri, maana yaliyobaki nitayasema nimesimama."

Nikasimama kweli. Mimi ni Nkwabi, kazi yangu ni kucheza gemu zikiwa bado mpya na kuwapa watu maoni ya awali, na watu wananisikiliza kuanzia Mwanza mpaka Lubumbashi kwa sababu sijui kumung'unya maneno. Siku ile hasira ilikuwa imenipanda.

Levo ya kwanza ilikwenda vizuri. Nilimtoa mama mmoja na fundi aliyevunjika mguu, nikapigiwa makofi ya bandia. Levo ya pili nikaingia kwenye pango lisilo na mwanga hata chembe, na jiwe dogo likaruka kutoka gizani likagonga uso wa Fuko. Ko. Likafuata jingine. Ko. Na jingine. Maandishi mekundu yakajaa skrini: MIZUKA WA SHIMO! PIGA PALE JIWE LINAPOTOKA!

Na mimi, mjinga, kidole kilifika kwenye kitufe kabla akili haijafika. Nikapiga. Kitu kikalia gizani, nikapewa pointi nyingi kuliko za yule mama niliyemtoa. Ndipo nikaweka padi ya kuchezea chini.

Mimi nimezaliwa machimboni Nyakabolo. Baba alikuwa mchimbaji, kaka yangu Luhende ni mchimbaji, nami ningekuwa mchimbaji kama mama hangelia nilipotaka kuacha shule. Kwetu duara likititia, yaani shimo likiporomoka, walio ndani hawapigi kelele. Wanazima tochi ili betri zisiishe, wanakaa chini, wanafunga midomo. Kelele inakula hewa, tena sauti ya mtu shimoni huzunguka kwenye kuta mpaka hujui imetoka wapi. Kuna watu waliifuata wakaingia kwenye mwamba uliolegea, wakafia hapo. Wazee wakatuongezea hofu ili tusisahau. Ukisikia unaitwa jina chini ya ardhi, walituambia, hata kama ni sauti ya ndugu yako wa tumbo moja, usiitike, huyo ni mzuka.

Kinachoaminika ni jiwe. Unaokota kokoto, unalirusha kule unakohisi upepo. Unarusha, unasubiri, unarusha tena. Anayekuja kukuokoa akilisikia, anakurudishia jiwe. Ukirudishiwa, unajua huyo ni mtu, na unatambaa kumfuata. Baba alitolewa hivyo, na Luhende pia ameshatolewa hivyo.

"Kwa hiyo sikilizeni," nikapaza sauti, "hawa wanaorusha mawe gizani si mizuka, wapuuzi nyie! Ni watu! Ni watu wanaoomba kuokolewa, na mnatulipa pointi ili tuwaue!" Nikapiga meza, chai ikamwagika kwenye suruali, na sikuhangaika kuifuta.

Ingekuwa gemu tu, ningetukana nikalala. Lakini kila mtu anajua kwa nini Okoa Chini ni ya bure. Inaandikwa kwa fahari mara tu unapoifungua: kila unapocheza, unaifundisha Fuko halisi. Zamani mashine zilifundishwa na wahandisi, siku hizi zinafundishwa na vidole vyetu. Wachezaji wanashuka kwenye migodi ya kubuni, jinsi wanavyokata kona, wanavyopima mwamba na wanavyofyatua inakusanywa, inachujwa, inakuwa akili ya mashine ya chuma. Ukicheza ukiwa umejilaza kwenye kochi unajisikia shujaa. Nami nilikuwa nimeshaifundisha jambo moja tayari, kwa kidole hiki hiki.

Niliirusha ile rekodi hivyo hivyo, na matusi yake yote.

*

Kampuni ya Shimo Salama, wenye gemu na wenye Fuko zenyewe, ilinipigia asubuhi iliyofuata, nikapanda basi kwenda ofisini kwao Mwanza. Aliyenipokea ni Godlisten, msanifu mkuu wa gemu, mtu wa rika langu, mpole, mwenye mikono laini na tabasamu la kuzoea wageni.

"Kaka Nkwabi, karibu sana. Utakunywa nini?"

"Sijaja kunywa. Toa yale mazuka yako kwenye gemu."

Akavuta kiti, akakaa, akanieleza taratibu kama anayemweleza shangazi yake. Fuko nyingi za majaribio ziliharibiwa na mawe. Ndiyo maana walihitaji mashine yenye wepesi: jiwe likija, ilipasue kabla halijafika, kisha ipasue pale lilipotoka, kwa sababu mwamba ulioanza kumwaga mawe hauachi. Wachezaji wasingejifunza hivyo kwa kupiga ukuta, ukuta unachosha. Ndipo wakatunga mizuka. Vijana wakaipenda levo ile kuliko zote.

"Godlisten," nikasema, "mawe shimoni yanaanguka. Nani aliwaambia yanaruka?"

"Tuna video."

Akanifungulia. Ilikuwa ya kamera iliyoteremshwa kwa kamba kwenye duara fulani lililotitia miaka ya nyuma, kabla Fuko haijaundwa. Kamera ilikuwa ikizunguka gizani, haioni kitu, kisha kokoto likagonga kioo. Kimya. Kokoto jingine. Kimya kirefu, halafu jingine, taratibu, mtu akitumia akili kabisa.

"Waliokuwa juu walifanya nini?" nikauliza.

"Waliipandisha kamera. Walihofia mwamba hauko imara, wakasitisha uokoaji."

"Na waliokuwa ndani?"

"Hakuna aliyetoka, kaka."

"Walikuwa hai," nikamwambia. "Hao walikuwa hai, wanaongea na nyie. Mkavuta kamba, mkawaacha. Kisha mkachukua sauti yao ya mwisho mkaigeuza adui wa gemu! Nyie ni watu wa namna gani?"

Tabasamu lilimtoka. Akairudisha video nyuma akaitazama tena peke yake, mdomo wazi, kana kwamba mimi simo chumbani.

"Sikujua," akasema.

"Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mngeuliza! Nyakabolo hakuna hata mtoto ambaye hangewaambia."

Aliahidi kulipeleka suala hilo kwa mkurugenzi, na nadhani alilipeleka, maana siku chache baadaye alinipigia kwa sauti ya mtu aliyekaripiwa. Levo ya mizuka haitolewi, ndiyo inayowaleta watu. Kuhusu mashine zenyewe, akili yake imeshawekwa, kuifundisha upya ni kuanza sifuri. Lakini mkurugenzi amekubali kuongeza maneno mwanzoni mwa gemu: mizuka ni wahusika wa kubuni.

"Wahusika wa kubuni," nikarudia.

"Ndiyo hivyo kaka. Nimejitahidi."

Nilimkatia simu, nikampigia Luhende. Nilimsimulia yote, nikamwambia, "Kaka, siku mashine ya hawa watu ikishuka kwenu, msirushe mawe. Nakuomba."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sasa turushe nini, ugali?"

"Sitanii, kaka."

"Najua hutanii. Lakini mdogo wangu, mtu akiwa kule chini hakumbuki mambo ya simu. Mkono unajirushia wenyewe." Kisha akaniuliza lini nitaenda kuwaona watoto, nikasema mwezi ujao, akasema nimeanza kusema mwezi ujao tangu mwaka juzi.

*

Mvua za vuli zikaanza, na mvua zikianza, maduara hayaaminiki. Asubuhi moja alinipigia Minza, mke wa Luhende. Minza ni mwanamke wa maneno mengi na utani, akikupigia lazima akuite bwana mdogo kwanza. Siku hiyo hakuniita chochote.

"Duara limetitia. Kaka yako yumo."

Sikumbuki vizuri nilivyofika. Nakumbuka matope, na akina mama waliokaa chini karibu na duara wakiwa wamefunga khanga viunoni, hawalii, maana kwetu hakuna kilio wakati shimo bado lina watu. Wanaume walikuwa wamejaribu kufukua kwa mikono, lakini kila wakitoa kifusi, mvua inashusha kingine. Pembeni, chini ya turubai, nikaona skrini, nyaya na mashine ya chuma yenye ukubwa wa mbuzi. Godlisten alikuwa ameinama mbele yake. Ndiyo Fuko pekee iliyokuwa karibu, na yeye ndiye aliyepewa kuiongoza.

Nilimshika ukosi. "Unaiingiza hiyo humo?"

"Niachie, Nkwabi. Hakuna kingine kinachoweza kupita kule. Ukitaka kunipiga nipige baadaye."

Nikamwachia, kwa sababu ilikuwa kweli. Humo ndani walikuwa wanne, Luhende na vijana wake watatu. Mpira wa kupitishia hewa ulikuwa umekatwa na kifusi. Mchimbaji yeyote aliyesimama pale alijua hewa iliyobaki si ya kufikia jioni.

"Ifungie bunduki," nikasema. "Ishuke bila bunduki."

"Bila bunduki haishuki. Akili yake imejifunza kupita kwa kupasua. Ukiifungia, inahesabu kwamba haiwezi kupita, inageuza kurudi juu. Nimeshajaribu."

"Basi iendeshwe kwa mkono."

"Inawezekana. Kwa mkono utachagua mwenyewe upige wapi na usipige wapi." Akanitazama machoni. "Lakini itatambaa kama kobe. Yenyewe inaona kwa mawimbi, inapita kwenye nyufa ambazo wewe hutaziona. Ikienda yenyewe itawafikia upesi. Kwa mkono, sijui kama mtawahi."

"Na ikifika yenyewe, wakarusha mawe?"

Akageukia skrini yake. Mzee mmoja akauliza kwa nini wasiwaitie kwa kipaza sauti cha mashine, waambiwe wasirushe. Wachimbaji wenzake wakamtazama tu, na mwenyewe akainamisha kichwa. Sote tulijua kile kipaza sauti kingefanya nini. Luhende angesikia sauti yangu inamwita gizani, angewafumba vijana wake midomo kwa viganja na kuwarudisha nyuma kabisa, mbali nasi.

Godlisten akasema uamuzi ni wa familia. Basi macho yote yakamgeukia Minza. Aliinuka, akaja mpaka chini ya turubai, nguo zimemganda mwilini kwa mvua.

"Shemeji," akaniambia, "mimi hiyo gemu sijawahi hata kuigusa. Wewe unaijua. Amua."

"Shemeji, usinitwishe hili."

"Nimtwishe nani? Huyu?" Akamwonyesha Godlisten kwa kidevu. "Ni damu yako. Amua, muda unakwenda."

Akilini nikaiona ile skrini ya levo ya pili. Nikasikia kile kilicholia gizani nilipobonyeza. Nikamwambia Godlisten anipe padi.

*

Padi ilikuwa ile ile, vitufe vile vile. Hilo lilinikasirisha kuliko yote, kwamba vidole vyangu vilikuwa vinajua pa kukaa. Fuko ikateremka, nikaanza kuitambaza kwenye mteremko wa tope. Mbele ya taa niliona matimba, zile nguzo za mbao, yamevunjika yamelala ovyo. Kila nilipokwama, Godlisten alinionyesha ramani ya mawimbi pembeni, na kila mara njia yangu ilikuwa ya kuzunguka.

"Yenyewe ingepita hapo," alisema mara moja.

"Nyamaza!"

Mwamba uliokuwa na kifusi kitupu nyuma yake niliupasua. Pale nisipokuwa na hakika, nilivuta mawe kwa mkono wa chuma, moja moja, nikiyaweka kando. Mvua ilipiga turubai, na nyuma yangu nilisikia wanaume wakipokezana kumwaga maji kwa ndoo. Minza alikuwa amesimama karibu na bega langu.

Kisha likaja. Ko, kwenye uso wa mashine.

Bunduki ikageuka yenyewe. Hata kwa mkono, ile tabia ilikuwa imebaki ndani yake: shingo ya bunduki ililenga sawasawa pale jiwe lilipotoka, na kitufe chekundu kikaanza kuwaka chini ya kidole gumba changu, kinapepesa, kinaomba. Niliinua kidole kama nimeshika makaa.

"Mnaona!" nikapiga kelele. "Mnaona mlichokifundisha!"

Nikaokota kokoto kwa mkono wa chuma. Ule mkono haukuundwa kurusha, ulilidondosha. Nikaokota jingine, nikalitupa, likaangukia karibu. La tatu likaruka, likagonga mwamba mbele. Tukasubiri. Hata akina mama walijua kuna kitu, maana walisimama wote.

Ko.

Minza alinishika bega, kucha zikaingia. "Ni yeye," akasema. "Ni yeye, ni yeye."

Nilirusha, likarudi. Nilisonga, nikarusha, likarudi. Ndugu zangu, sijawahi kuongea na kaka yangu vizuri kama siku ile. Kisha taa ya Fuko ikagonga jabali. Lilikuwa limeziba njia yote, na mawe yalikuwa yanatoka kwenye ufa mwembamba juu yake.

"Lipasue," akasema Godlisten.

"Yuko nyuma yake."

"Hujui yuko wapi nyuma yake! Anaweza kuwa mbali, anaweza kuwa pembeni. Risasi moja tu, Nkwabi, linafunguka. Hewa inakwisha!"

"Hujui yuko wapi, ndiyo maana sipigi!"

"Ukilivunja kwa huo mkono utachelewa!"

"Nikipiga nikamuua je? Utakuja wewe kumwambia huyu mama hapa?" Nilikuwa nalia na sikujua. "Wewe ndiye uliyempa jina la mzuka! Wewe!"

Godlisten akanyoosha mkono kuelekea kwenye padi. Nikampiga kiwiko cha kifua, akaangukia nyaya. Hakuna aliyemwinua. Nikaanza kuchokonoa pembe ya jabali kwa mkono wa chuma, nikavuta kifusi chini yake, jiwe baada ya jiwe, upande ule uliokuwa laini. Kila nilipotulia kurusha, lilirudi. Baadaye likawa linakawia. Baadaye nikarusha halikurudi, nikajiambia amechoka mkono. Nikarusha tena.

"Endelea kuchimba, shemeji," akasema Minza.

Pembe ya jabali ikaporomoka upande wetu, na hewa ikaingia kwa mvumo niliousikia kwenye spika. Nikaisukuma Fuko ndani. Taa ikamwangaza kijana mmoja, macho yamefumba, kifua kinapanda. Kisha wa pili, kisha wa tatu, wamelala chini ukutani, hai, wakaanza kukohoa. Luhende alikuwa ameketi peke yake mbele, chini ya ule ufa, kidogo tu pembeni mwa pale risasi yangu ingepita. Labda ingempata. Labda isingempata. Kiganja chake kilikuwa kimejaa kokoto.

Nilimgusa bega kwa mkono wa chuma, akainama upande, akalala.

Niliwavuta vijana kwa Fuko mpaka chini ya mdomo wa duara, na wanaume walipowatoa kwa kamba, mmoja wao, Sayi, alinishika mguu wa suruali. "Alituambia tukae nyuma tupumue kidogo kidogo," akasema. "Alikuwa anarusha mpaka sasa hivi, kaka. Alisema anayerudisha ni mtu, tutulie, anakuja."

*

Godlisten hakuondoka. Nilitegemea angeondoka na mashine yake usiku ule ule, lakini asubuhi nilimkuta nyumbani kwa Luhende, kasimama uani na viatu vyake vya tope, hajui akae wapi. Vijana wa jirani walikuwa wameanza kupima mahali pa kaburi la Luhende, karibu na mihogo. Nilimwendea nikiwa na nia moja tu, ya kumaliza kile nilichokianza kwa kiwiko.

"Sikutaka kusema jana," akasema kabla sijafika. "Lakini ni lazima niseme, la sivyo nitakuwa mwongo. Ungeiacha iende yenyewe tungefika mapema. Angekuwa bado anapumua."

"Na ingemtandika risasi!"

"Labda isingemtandika!"

"Alikuwa anarusha mawe, wewe ibilisi! Uliifundisha nini kuhusu wanaorusha mawe?"

Watu walitukimbilia, wengine wakimshika yeye, wengine mimi. Kelele zikakoma ghafla kwa sababu Minza alikuwa ametoka ndani. Akatujia akiwa na khanga kichwani, wanawake wawili wakimfuata nyuma kama wanaogopa ataanguka. Hakuanguka. Akasimama mbele ya Godlisten.

"Wewe. Ungefika mapema?"

"Ndiyo, mama."

"Ungempiga?"

Godlisten akatazama chini. "Labda, mama. Sijui. Labda."

Akanigeukia. "Na wewe, shemeji. Ungempiga?"

"Hapana! Kamwe!"

"Ulifika?"

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia kuhusu jabali, kuhusu ufa, kuhusu hewa, kuhusu yale mawe yote niliyoyavuta moja moja, kuhusu vijana watatu waliokuwa wanakunywa uji nyumbani kwao muda ule. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichouliza.

"Sikufika," nikasema.

Minza akatikisa kichwa taratibu. Akaenda kwa wale vijana waliokuwa wanapima, akawanyang'anya majembe mawili, akarudi akayatupa miguuni petu.

"Nyie mlijua kuendesha mashine," akasema. "Basi hili chimbeni kwa mikono. Wawili tu. Asiwasaidie mtu."

Tukachimba. Juu udongo ulikuwa laini kwa mvua, chini ukawa mwekundu mgumu wenye changarawe. Godlisten hakuwa anajua kushika jembe, malengelenge yalimtoka mapema, yakapasuka, mpini ukawa na damu, na hakusimama. Sikumwonea huruma. Sikujionea huruma mwenyewe pia. Tulipofika kina cha kifua, nilimwambia bila kumtazama, "Leo ukirudi Mwanza, unayatoa yale mazuka."

Aliendelea kuchimba kidogo, kisha akaegemea ukuta wa kaburi, anahema.

"Nimeongea nao alfajiri," akasema. "Hawatoi. Tangu jana habari ya Nyakabolo isambae, watu wanaipakua kuliko siku zote. Wanataka kuiona hiyo levo." Akafuta uso kwa mkono wenye damu. "Na kila anayeipakua anawapiga wanaorusha mawe, Nkwabi. Mafunzo hayo yanaingia kwenye mashine zote, sasa hivi tunavyoongea."

Juu yetu walianza kuimba, maana mwili ulikuwa unatolewa ndani. Nililitazama jembe lake, alikuwa amelilaza chini.

"Liokote," nikamwambia. "Tunayo makaburi mengine mengi ya kuchimba."